Chaguo la kwanza linavyomponza mtoto wa mpakani

KILA mwaka, miezi kadhaa kabla ya mtihani wa PLE, wazazi wa watoto wa darasa la saba hapa Kinyamaseke hupanga foleni mlangoni mwa ofisi ya walimu wakiwa na swali moja. Hawaulizi mtoto amejiandaa vipi. Wanauliza: tuweke shule gani ya kwanza?

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Fomu ya usajili ina nafasi za kuandika shule za sekondari anazozitaka mtoto, ya kwanza, ya pili na kuendelea. Inajazwa mtihani ungali mbali, wakati hakuna ajuaye kama mtoto atapata jumla ya 4, ambayo ndiyo bora kupita zote kwa masomo yale manne, au 19, au 36 ambayo ni ya mwisho kabisa. Matokeo hutoka Januari. Kwa miaka mingi wakuu wa shule za sekondari wamekuwa wakikutana Lugogo, Kampala, kuchagua wanafunzi wao wa kidato cha kwanza. Shule zinazogombewa huanza na watoto walioziweka chaguo la kwanza, na mara nyingi huishia hapo hapo. Aliyeiweka ya pili, hata akiwa na alama nzuri kuliko waliochukuliwa, hukuta mlango umefungwa.

Mama mmoja anayevusha vitenge kutoka Kasindi alinielezea jambo hili vizuri kuliko mtaalamu yeyote wa elimu niliyewahi kumsikia.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi nikiwa sokoni Mpondwe nikataja bei wakakataa, nataja nyingine. Hapa kwenye fomu nikitaja ya kwanza wakakataa, ya pili imeshakwisha?"

"Mara nyingi, mama, imeshakwisha."

"Basi hiyo siyo kuchagua. Hiyo ni kamari."

Nakubaliana naye. Na jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba kamari hii si lazima. Dawa yake ilipatikana mwaka 1962, mwaka ule ule Uganda ilipopata uhuru. Wanahisabati wawili wa Marekani, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika makala fupi ya kurasa chache tu kuhusu namna ya kuunganisha makundi mawili, wanafunzi na vyuo, au wanaume na wanawake wanaotaka kuoana, pale ambapo kila mmoja ana orodha yake ya anaowataka, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Makala ile haina mahesabu ya kutisha. Mtu aliyemaliza darasa la saba akisomewa polepole ataielewa. Shapley alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012, pamoja na Alvin Roth aliyeyapeleka mawazo hayo mashuleni na mahospitalini. Gale alikuwa ameshafariki mwaka 2008.

Masereka na mlango wa nyuma

Tuchukue watoto watatu na shule tatu, kila shule ikiwa imebakiza nafasi moja. Shule tuziite Mlimani, Mtoni na Ziwani, kwa sababu sitaki mkuu wa shule yeyote wa Kasese aseme nimemsema. Watoto ni Biira mwenye jumla ya 7, Masereka mwenye 9 na Thembo mwenye 14. (Majina haya hayamtaji mtu. Kwetu Bakonzo jina linafuata zamu ya kuzaliwa, na wasomaji walioishi ng'ambo wanajua kwamba Masereka wa hapa ni Kasereka wa Butembo, Thembo wa hapa ni Katembo. Darasani kwangu nikiita Masereka wanainuka wanne.)

Biira na Masereka wote wanapenda Mlimani kwanza, Mtoni pili, Ziwani tatu. Thembo anapenda Mtoni kwanza, Mlimani pili, Ziwani tatu. Shule zote zinapenda aliyefaulu zaidi.

Kwa kanuni ya chaguo la kwanza, Mlimani inapata maombi mawili, inamchukua Biira. Mtoni imewekwa ya kwanza na Thembo peke yake, kwa hiyo inamchukua Thembo na 14 yake. Masereka anakwenda Mtoni na 9 yake mkononi na kuambiwa pamejaa. Anaishia Ziwani.

Sasa hebu tazama kilichobaki. Masereka angependa Mtoni kuliko Ziwani. Mtoni nayo, kama ingeulizwa, ingempenda Masereka kuliko Thembo. Hapa kuna watu wawili ambao kila mmoja anamtaka mwenzake kuliko aliyepewa, na kinachowatenganisha ni karatasi tu. Wanahisabati wanasema mpango wa namna hii si imara. Sisi huku tunajua unavyovunjika: baba yake Masereka anapiga simu, anapanda gari alfajiri, anasubiri nje ya ofisi ya mkuu wa shule, na wiki ya pili ya muhula Masereka yuko Mtoni. Kama Thembo ameondolewa au kitanda kimeongezwa bwenini, hilo hatuelezwi. Kila Januari utawaona wazazi wakizunguka na karatasi za matokeo kutoka shule hadi shule. Watu huita ufisadi, na upo kweli. Lakini mimi nasema sehemu kubwa ya mzunguko ule inaletwa na mpango wenyewe uliowaacha watu wawili wakitamaniana. Ukiwafunga walaji rushwa wote kesho, baba yake Masereka bado atapanda gari.

Njia ya Gale na Shapley inatumia fomu zile zile. Tofauti ni moja: shule haimsajili mtoto mara moja, inamshikilia tu. Biira na Masereka wanabisha Mlimani. Mlimani inamshikilia Biira, inamwachia Masereka. Thembo anabisha Mtoni, anashikiliwa. Masereka sasa anabisha Mtoni, chaguo lake la pili. Mtoni inawalinganisha wawili kana kwamba wamefika pamoja, inamshikilia Masereka, inamwachia Thembo. Thembo anabisha Mlimani, anakuta Biira amemzidi. Anabisha Ziwani, anapokelewa. Hakuna aliyebaki akibisha, na hapo ndipo kila aliyeshikiliwa anasajiliwa.

Thembo hakufurahi. Hata hivyo hana wa kumlalamikia, kwa sababu kila shule aliyoitaka kuliko Ziwani ilimwona na ikapata aliyemzidi. Baba yake akipanda gari alfajiri kwenda Mtoni, mkuu wa shule hana sababu ya kumsikiliza, labda awe amebeba bahasha.

Je, kubisha huko hakuwezi kuzunguka milele? Hapana. Mtoto habishi mlango mmoja mara mbili, na milango ina idadi. Na shule ikimwachia mmoja ni kwa sababu imepata anayeipendeza zaidi, kwa hiyo shule haishuki, inapanda tu. Kwa hoja hizo mbili, walionyesha kwamba kwa idadi yoyote ya watoto na shule, na kwa orodha za namna yoyote, jozi imara hupatikana. Shule hazilazimiki kufuata alama pekee. Ziwani ingeweza kutanguliza watoto wa kijiji chake, au mayatima, au wasichana, na hesabu ingekwenda vile vile.

Mimi nilisomea uhamishoni, upande wa Beni, na kwa hiyo njia hii si ngeni kwangu kabisa. Baba alinishika mkono tukaenda kwa miguu kutoka shule hadi shule, tukianza na ile aliyoitamani. Alibisha kama watoto wa Gale na Shapley wanavyobisha. Kilichokosekana ni upande wa pili: shule zile zilijaza nafasi kwa aliyetangulia kufika, na sisi tulikaa mbali.

Nani anabisha kwa nani

Kuna jambo ambalo wazazi wanapaswa kulijua kabla ya kupiga makofi. Jozi imara zinaweza kuwa zaidi ya moja, na anayebisha ndiye anayefaidi.

Kule anaishi Kasese mjini lakini anataka kusoma Bwera, kwa mjomba wake. Kabugho anaishi Bwera na anataka Kasese mjini. Shule ya Bwera inamtaka Kabugho, wa karibu, asiyekosa darasa siku mvua inaponyesha. Shule ya Kasese inamtaka Kule kwa sababu hiyo hiyo. Watoto wakibisha, Kule anakwenda Bwera na Kabugho anakwenda Kasese, na kila mtoto amepata chaguo lake la kwanza. Shule zikibisha, kila mtoto anabaki kwao, na kila shule imepata iliyemtaka. Mipango yote miwili ni imara, haina mwanya wa kuvunjwa. Ila mmoja ni wa watoto na mwingine ni wa wakuu wa shule.

Hili si la vitabuni tu. Marekani, tangu mwaka 1952, madaktari wapya na hospitali wanazofanyia mazoezi wameunganishwa kwa mpango wa pamoja wa namna hii. Mwaka 1984 Roth alionyesha kwamba mpango ule ulikuwa unafanya kazi kana kwamba hospitali ndizo zinazobisha. Vijana walilalamika, ukatengenezwa upya, na tangu 1998 madaktari ndio wanaobisha. Kwa hiyo siku Kampala watakapotuambia kwamba kompyuta imechagua, swali la kwanza la mzazi liwe hilo: nani amebisha kwa nani?

Na upande unaobisha una faida nyingine, ambayo kwangu mimi mwalimu ni kubwa kuliko zote. Hauhitaji kudanganya. Imethibitishwa kwamba mtoto anayebisha hawezi kujipatia shule bora kwa kuficha anachokipenda. Akiiweka Mlimani ya kwanza akaikosa, hajapoteza chochote Mtoni. Anaandika ukweli, basi.

Linganisha na sasa. Kazi yangu kila mwaka ni kuwafundisha watoto wa miaka 13 kuandika shule wasiyoitaka. Namwambia Masereka: mwanangu, Mlimani ni ya hatari, weka Mtoni kwanza. Anaitii kalamu, moyo unabaki Mlimani. Kisha Januari yanatoka matokeo, naona alama zake zingemfikisha Mlimani, na hakuna wa kumrudishia.

Mzazi wa Kampala anayekula chakula cha mchana na mkuu wa shule anajua mwaka huu wataishia alama ngapi. Mzazi wa hapa aliyerudi juzi kutoka Kongo, ambaye mwanawe alisoma darasa la kwanza hadi la tano kwa Kifaransa, hajui hata shule zenyewe. Mitihani ya majaribio ya mtoto huyo inasoma vibaya kwa sababu ya Kiingereza, si kwa sababu ya akili, na hakuna anayeweza kukisia atafika wapi. Kamari inampendelea mwenye habari. Huko Boston, Marekani, shule za serikali zilikuwa na kanuni kama yetu, na ilifika mahali wazazi wa mtaa mmoja wakaunda kikundi cha kupeana mbinu za kujaza fomu. Asiyekuwa kikundini aliandika ukweli akaumia. Mwaka 2005 jiji liliiacha kanuni ile, likachukua ya watoto kubisha. Uingereza nayo mwaka 2007 ilizipiga marufuku shule kumtanguliza mtoto kwa sababu tu ameziweka chaguo la kwanza. New York ilibadilika kuanzia 2003. Kabla ya hapo watoto kama 30,000 kila mwaka waliishia katika shule ambazo hawakuziandika kabisa, na baadaye idadi hiyo ilishuka hadi kama 3,000.

Karibu na sisi, Tanzania ina somo la upande mwingine. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilianzisha udahili wa pamoja. Mwaka 2017 ukaondolewa, kila chuo kikaanza kudahili chenyewe. Tangu hapo kijana mmoja hupokewa na vyuo viwili vitatu, anashikilia nafasi zote mpaka athibitishe kimoja, na wenzake wanasubiri nyuma yake. Mwenye ndugu wanaosoma Mwanza au Dar es Salaam anazijua hizo siku za kuthibitisha. Siusifu mfumo wa zamani, ulikuwa na lawama zake. Nasema tu kwamba ukiwaachia wote wabishe kila mahali bila mtu wa kati, waliofaulu sana wanarundikiwa nafasi ambazo hawatazitumia.

Wafanyabiashara wataniuliza, kwani haya hayawezi kumalizwa na bei, kama mahindi? Nafasi ya shule ya serikali haiuzwi, walau hadharani, na ndiyo maana panahitajika kanuni. Na wasidhani kanuni hii inatibu kila ugomvi wa sokoni. Inahitaji pande mbili. Chukua wanawake wanne wanaotaka kugawana vibanda viwili, wawili wawili. Wa kwanza anamtaka wa pili, wa pili anamtaka wa tatu, wa tatu anamtaka wa kwanza, na wote watatu wanamweka wa nne mwisho. Wapange utakavyo, atakayekaa na wa nne atakwenda kumshawishi mmoja wa wale wawili, na atakubaliwa. Hakuna mpango imara hapo hata mmoja. Gale na Shapley wenyewe walilionyesha hilo. Wenye vibanda wapige kura tu.

Wala kanuni haiongezi madawati. Shule nzuri zikiwa chache, akina Thembo watabaki wengi. Haimlipii ada mtoto aliyepata nafasi ya bweni mbali na kwao. Na haipaswi kumuuliza mzazi kwa nini amepanga alivyopanga. Baada ya usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF walipowaua wanafunzi katika sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, sitamlaumu mama wa mpakani anayeweka umbali mbele ya alama. Kinachonikera ni kwamba kanuni ya sasa inamwadhibu hata huyo: akitanguliza shule ya mbali yenye ushindani akaikosa, ile ya wastani iliyo salama ya pili inakuwa imejaa waliofaulu kidogo kuliko mwanawe.

Kwa mwaka huu, wazazi, fomu ni ile ile, na nitawashauri kama ninavyowashauri wa hapa. Chaguo la kwanza ni risasi moja. Tafuteni alama za mwisho zilizopokewa mwaka uliotangulia, ambazo magazeti huzichapisha, mlinganishe na majaribio mawili au matatu ya mtoto, si moja. Shule ya ndoto iwekwe ya kwanza tu kama mtoto ana akiba ya alama. Chaguo la pili lisiwe shule nyingine inayogombewa vile vile, maana hiyo ni nafasi iliyotupwa. Liwe shule ambayo kweli hubakiza nafasi. Mliotoka Kongo, njooni muulize mapema, kabla ya wiki ya usajili, kwa sababu wiki hiyo mwalimu ana watoto zaidi ya mia na kalamu moja.

Ila haya ni mashauri ya kuishi na ubovu. Mabadiliko yenyewe hayahitaji jengo wala mkopo. Baraza la mitihani tayari lina majina, alama na machaguo ya kila mtoto. Kila shule iandike kanuni yake ya kupokea, alama na jinsia na wilaya kama inavyotaka, itangazwe kabla fomu hazijajazwa, na kompyuta iwabishishe watoto. Na jambo moja dogo ambalo bila hilo mengine yote ni bure: mkuu wa shule anapoletewa jina la Masereka, asionyeshwe kama shule yake imewekwa ya kwanza au ya nne.